Nguo za Vyumba Vitupu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, Agnetha hutoa nguo kavu ndani na kuzianika. Suruali ya marehemu mumewe huiweka mbele ya mlango wa kwanza, kanga mbele ya wa tatu, na mwisho wa kamba gauni la shule la Limi, bintiye, ambaye sasa ana watoto wake huko Kahama. Anayepita barabarani kwa pikipiki huona ua wenye watu. Akisimama, atasikia kuku tu.

Vyumba vyake sita vya kupangisha, ila kile anacholala mwenyewe, ni vitupu tangu wachimbaji wa dhahabu walipohama machimbo haya ya Lwenge. Agnetha anajua kwamba mpangaji haingii ua uliokimbiwa, na mwizi wa milango hutafuta ua kama huo tu. Kwa hiyo anaanika.

Wachimbaji walipokuja, yeye alikuwa akiuza mchele wa Ushirombo. Dhahabu ilionekana kwenye shamba la pamba, upande wa Bulyanhulu, na shamba likageuka mji kabla pamba haijachumwa. Kila mtu alijenga kwa miti na turubai. Agnetha alichoma tofali. Aliuza ng'ombe wa mahari ya Limi, akanunua bati na milango ya chuma.

Noela, aliyekuwa akipika uji na mihogo chini ya turubai la jirani, alikuja kutazama msingi.

"Mama Limi, unajenga kigango cha kanisa?"

"Najenga vyumba vya kupangisha."

"Hapa? Mimi nyumba yangu naikunja kama shuka, naiweka kichwani."

"Ndiyo maana panya wanaingia bila hodi."

"Panya wangu hawalipi kodi," Noela akasema, "lakini hawalewi."

Vyumba vilijaa kabla milango haijapakwa rangi. Jioni ua ulinukia sabuni na samaki wa kukaanga, redio zikashindana, na Agnetha akawa mtu wa kuulizwa na kila aliyetaka kujenga.

"Anza na choo na bafu," aliwaambia. "Mchimbaji anafika na tope mpaka masikioni, hawezi kuuliza kitanda kwanza. Kodi ipokee mbele. Akipata mzigo wa dhahabu duarani, kule shimoni, anahama, akikosa anatoroka, vyote ni kumkosa. Na mlevi usimpe chumba cha katikati."

Walimsikiliza, na ushauri ulikuwa mzuri. Hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakujiuliza, mwamba ukikata, dhahabu ikiisha, atapanga nani.

Tofali alizishikanisha kwa udongo, maana saruji ilikuwa ghali kufika huko. Kodi ya mwaka wa pili ingepiga lipu. Mwaka wa pili mwamba ulikata. Habari ikaja kwamba dhahabu imeonekana kwingine, upande wa Geita, na maturubai yakaanza kushuka moja baada ya jingine. Noela alikunja lake alfajiri, akapita kuaga.

"Twende, Mama Limi."

"Na hii niiweke kichwani?"

Noela hakucheka. Alimshika mikono kitambo, kisha akaondoka.

Limi alipiga simu mara nyingi akimwita Kahama. Agnetha alisema atakuja akiuza nyumba, na alitaka kuiuza kabla ya mvua nyingine, kwa kuwa mvua iliyopita ilikuwa imeanza kula kona za nyuma. Alituma habari kwa kila dereva aliyepita. Mwishowe akaja Masalu, mfanyabiashara wa Kahama, na pikipiki yake ya matairi matatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu uone."

Alimwonyesha choo, bafu, bati. Masalu alisimama kwenye kamba, akaishika ile suruali. Ilikuwa ngumu kwa jua, na pale ilipokunjwa juu ya kamba rangi ilikuwa imekwisha.

"Mwenye hii yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hapa, mama?"

Agnetha alitazama kuku wake. "Alikufa," akasema.

Masalu aliirudisha taratibu, akainyoosha. "Nyumba nzuri. Choo hiki hata mjini wengine hawana. Lakini nyumba siihitaji. Niuzie bati na milango."

"Na kuta?"

"Kuta baki nazo."

"Tofali zimeshikwa na udongo tu, baba. Mvua moja, basi."

"Najua. Ndiyo maana nimewahi."

Juma lile mlango mmoja ulikuwa umeng'olewa na mwizi. Agnetha aliiwazia milango mingine ikiondoka mmoja mmoja, bila yeye kuambulia kitu.

"Unavipeleka wapi?"

"Waliko watu. Kuna mama anajenga vyumba kumi."

"Kwa tofali?"

"Tofali safi za kuchoma."

"Mwambie ajenge kwa turubai."

Masalu akacheka bila ubaya. "Nikimwambia hivyo, mama, bati nimuuzie nani?"

Alimlipa, akang'oa, akamwachia bati la chumba kimoja, kile alicholala. Vitano vilibaki vimetazama mbingu.

Agnetha hakwenda Kahama. Alisema atakwenda wiki ijayo, na wiki iliyofuata akasema vivyo hivyo. Nguo aliendelea kuanika.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, kubwa, ikitokea upande wa Geita. Agnetha alikimbia kuanua kama mwenye wapangaji walio kazini: suruali, kanga, gauni. Akakimbilia chumba cha kwanza, kama alivyozoea, akaingia. Humo ndani mvua ilikuwa ileile. Alisimama katikati ya chumba amekumbatia nguo, akitazama maji mekundu ya udongo yakishuka ukutani.