Pezi Aliloliona Mwanaheri

Mwanaheri Mikidadi alikuwa ameponda kokoto miaka kumi na tisa katika machimbo ya chokaa yaliyo nyuma ya milima, ukishaipita Matombo na kushika njia ya Kisaki. Bahari hakuwahi kuiona. Lakini ukimpa jino la papa dogo kama punje ya mchele, aliligeuza mara mbili kwenye kiganja akakuambia ni la taya la juu au la chini, na mwenye jino alikuwa wa ukoo gani.

Elimu hiyo aliipata kwa Dokta Deogratias, mtafiti wa Morogoro mjini, ambaye kiangazi kimoja alifika machimboni na chekeche na brashi, akawaambia waponda kokoto kuwa pale walipokalia palikuwa bahari katika zama za dinosaria. Wengi walicheka. Mwanaheri hakucheka, maana meno yale alikuwa akiyaona siku zote na kuyatupa, akidhani ni miiba iliyogeuka jiwe. Tangu siku ile akawa anayaweka. Dokta alirudi viangazi vinne mfululizo, na kila akija walikaa wawili juu ya gunia wakiyapanga.

Papa, alimfundisha, hana mfupa. Mwili wake ni gegedu tupu, na akifa huoza wote, hubaki meno. Kwa hiyo kazi ya kuzijua koo za papa wa kale ni kama kutaka kuwajua ndugu wa marehemu kwa kutazama vifungo vya kanzu yake. Papa wa leo wamegawanyika matawi mawili makubwa. Tawi moja, lenye papa nyundo na wale wakubwa wanaotisha watu, wana pezi dogo chini, kati ya tumbo na mkia. Tawi la pili, karibu wote hawana pezi hilo. Wengi wao wana miiba mgongoni badala yake. Wachache tu wa tawi hilo la pili, papa wa vilindini wenye meno kama msumeno, bado wanalo. Meno ya msumeno ndiyo yaliyojaa pale machimboni. Dokta aliamini kwamba papa wao aliishi karibu na panda ya njia, mahali tawi la pili lilipoanza kulipoteza lile pezi. Kuamini si kujua. Alihitaji mwili.

"Mama Yasmin," alimwambia kiangazi cha mwisho, "jiwe likikuonyesha mwili, usiliguse. Nipigie."

Masika yalipokwisha mwaka huu, mvua ilikuwa imeukwangua ukuta wa mashariki wa machimbo. Jumanne asubuhi Mwanaheri alifika akakuta bamba la jiwe urefu wa mkono, na ndani yake, kwa rangi ya kahawia, papa mzima. Meno ya msumeno yalikuwa kinywani. Miiba miwili ilikuwa mgongoni. Na chini, kati ya tumbo na mkia, palikuwa na pezi. Aliliwekea kidole. Akakaa chini kando ya jiwe.

Alipanda kilimani palipo na mtandao akapiga simu. Aliyepokea alikuwa Glory, mke wa Dokta. Alimwambia kwa sauti iliyochoka kuwa mumewe amepata kiharusi wiki ya pili sasa, upande wa kulia umekufa na maneno yamekwisha. Mwanaheri alimpa pole, akashindwa kulitaja jiwe.

Taabu ilikuwa kwamba ukuta ule ulikuwa umeshauzwa kwa kampuni inayotengeneza barabara, na kijiko, ile mashine ya kuubomoa, kilikuwa njiani. Godlisten, msimamizi wa machimbo, hakuwa mtu mbaya. Alikuja, akatazama, akapiga picha kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Papa hakuonekana, lilionekana jiwe na kivuli cha mpigaji. Akasema mashine imekodiwa kwa siku na yeye hana amri juu yake. Mwisho ni Ijumaa saa nne asubuhi.

Jumatano Mwanaheri alikwenda wilayani. Alielekezwa aandike barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji alikuwa msibani Dakawa. Karani mmoja alimpa namba ya ofisi ya mambo ya kale. Iliita mpaka chaji ya simu ikaisha. Akarudi akiwa hajala, na njia nzima alikuwa akijisemesha peke yake, kama mwenye mgonjwa anayenyimwa kitanda.

Akaamua kulitoa mwenyewe. Alikuwa amemwona Dokta akivika mawe plasta, unga mweupe unaoganda kama saruji, kabla ya kuyang'oa, lakini mfuko wa plasta aliomwachia ulikuwa umeshika unyevu, umegeuka jiwe nao. Alipika uji mzito wa unga wa muhogo, akachovya vipande vya khanga zake mbili, akalifunika bamba tabaka juu ya tabaka. Alhamisi kutwa, yeye na binti yake Yasmin walichonga kwa tindo kulizunguka. Vidole vilitoka damu. Yasmin alimsihi apumzike, mama akaendelea kuchonga. Uji haukukauka, maana wingu lilikuwa limekaa juu ya milima tangu asubuhi.

Ijumaa saa tatu kijiko kilikuwa kimeshawasha injini. Ardhi ilitetemeka. Mwanaheri aliona ufa mwembamba ukitembea chini ya khanga, akamwita Yasmin washike pamoja. Bamba liliachia ghafla. Kichwa kilibaki mikononi mwa Yasmin, mkia mikononi mwa mama. Katikati palianguka pakavunjika, si vipande, bali unga na kokoto, kama chokaa inavyovunjika ikiwa imelowa. Mwanaheri alipiga magoti akakusanya kwa viganja. Godlisten alimzuia dereva kwa robo saa nzima, kisha akamshika mama yule mabega akamtoa taratibu.

Jumapili alikwenda Morogoro na kichwa, mkia na gunia la unga. Glory alimpeleka chumbani. Dokta alikuwa amekonda, mdomo umekwenda upande.

"Shikamoo, Daktari," alisema. Mzee aliinua mkono wa kushoto.

Mwanaheri alimsimulia yote bila kujitetea. Alipotaja meno na miiba, macho ya mzee yaliwaka. Aliweka kidole cha kushoto juu ya tumbo lake mwenyewe, chini, akamtazama kama mtu anayeuliza.

"Lilikuwepo," alisema Mwanaheri. "Nililigusa. Lakini sina la kukuonyesha."

Dokta alikitazama kichwa, akautazama mkia, akalichungulia gunia kwa muda mrefu. Alijua, na Mwanaheri alijua kwamba anajua, kuwa hakuna mtaalamu duniani atakayebadilisha mpangilio wa koo za papa kwa neno la mponda kokoto. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile lililokuwa bado linatii. Kisha aliomba kalamu kwa ishara. Ilimchukua dakika nyingi kuandika, herufi zikianguka kama walevi: CHORA.

Mwanaheri hakuwa ameshika kalamu tangu darasa la nne. Alichora kwenye daftari la dawa, akafuta, akachora tena, mzee akimkosoa kwa kidole urefu wa mwiba na mahali pa pezi, mpaka Glory alipoleta chai ikapoa bila kuguswa. Mchoro ule haukufanana sana na papa. Dokta alilifunga daftari, akaliweka chini ya mto, akageukia ukutani.

Alifariki kabla ya Agosti. Hakuna aliyemwambia Mwanaheri daftari lilikokwenda. Kichwa na mkia alirudi navyo, viko chini ya kitanda chake mwenyewe. Ukuta wa mashariki umekwisha wote, umelala barabarani, naye amehamia wa kaskazini, ambako kila jiwe hulitazama pande zote kabla ya kulipiga, na kwa sababu hiyo huponda nusu tu ya wanachoponda wenzake.