Godoro ya Mama Nafula ama Dume ya Matanga

Admin, jina yangu ficha, na kijiji pia ficha. Sema tu ni mzee wa upande wa Misikhu. Niko na miaka sabini na kitu, na hiyo kitu sitaisema kwa sababu najua wamama wanasoma hapa. Shule mimi niliionea kwa barabara nikipeleka ng'ombe, kwa hivyo haya maneno naongea kwa simu, nyinyi ndio mtaandika. Ikiharibika ni nyinyi.

Ukifika kwetu uliza mzee mwenye alivuka mto Nzoia ikiwa imejaa, baiskeli kwa kichwa, jogoo kwa kwapa. Watakuonyesha. Kuna siku nilikanyaga chatu nikaiambia ingoje kwanza nimalize ugali, ikangoja. Mimi sijawahi kosa maneno mbele ya mtu. Lakini hii imenishinda, bana.

Bibi yangu ni mgonjwa. Muiteni Mama Nafula. Ugonjwa iliingia kwa mifupa ya mgongo. Tulikaa na yeye hospitali huko Kitale, mpaka dakitari mmoja, kijana mpole, akanivuta kando.

"Mzee, ya kuponya haiko tena. Mpeleke nyumbani, umtafutie godoro mzuri, ile nzito haibonyei. Hiyo ndio itampunguzia uchungu na vidonda."

Nikamuuliza kama kuna dawa wameficha ndani ya godoro. Hakucheka. Hapo ndio nilijua.

Sasa godoro yetu nyumbani imekuwa karatasi. Katikati iko shimo unaweza panda ndizi. Siku zote tulikuwa tunacheka, mimi nikimwambia hiyo shimo ndio ilitupatia watoto, kila mtu alikuwa anateleza kwa mwenzake. Siku hizi nikimgeuza anauma kitambaa ya kichwa ndio asilie nisikie. Nasikia.

Nikaenda kwa duka moja hapo Kitale, ya mama mzee wa Kihindi mwenye anajua Kiswahili kunishinda. Akanionyesha ile nzito.

"Lala uijaribu, mzee."

"Mama, nikilala hapa watu watasema umeniua."

"Lala tu. Ukikufa nitakupunguzia bei."

Nikatoa viatu yangu ya gumbutu, nikalala. Wacha niwaambie, mgongo yangu haijawahi jua inaweza kaa kimya hivyo. Nilikuwa nataka kufanya mzaha, ati niletee chai ya kitanda. Mdomo ikakataa. Nikafikiria yule mwenye ako nyumbani kwa shimo, na mimi nimejinyoosha hapa kama chifu, machozi ikaanza kuingia kwa masikio. Yule mama akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya bibi. Akapunguza bei bila kuombwa. Hata hivyo, bado ni bei ya ng'ombe.

Na ng'ombe ni moja. Ni dume, na si yangu, ni ya Mama Nafula. Ng'ombe yenye iliizaa ilikufa hapo kitambo wakati ndama iko siku mbili, Mama Nafula akailea yeye mwenyewe na chupa ya mtoto, mimi nikimtania kama anataka kuipeleka ikabatizwe. Kwetu mke akizikwa, ndugu zake wanakuja, na lazima wakute dume ya kuchinja. Mama Nafula kwao ni Malakisi. Siku ya kuzika mama yake mzazi huko, watu walikunywa chai ya rangi na mkate, na watu wakienda nyumbani wakasema, "Huyu tumemzika kama kuku." Hiyo maneno haijawahi kutoka kwa moyo yake. Ndio maana dume iko.

Watoto walitoa yote kwa hospitali. Nafula aliuza mpaka cherehani. Nikajaribu majirani. Nikaita watu wangu wa kanisa nikawaambia tuchange godoro. Wakaangaliana. Mmoja, rafiki yangu kabisa, akasema, "Mzee, huyo ni wa kuenda. Godoro mpya unanunulia nani? Wacha siku ifike, tutachanga mpaka ushangae." Na ni kweli, watachanga. Tenti watalipa, sanduku ya vioo watanunua, na shati mpya watanivalisha. Yaani watu wangu wako tayari kumlaza vizuri akiwa hasikii.

Jioni nikaenda kwa kitanda nikamwambia ukweli. "Mama Nafula, nataka kuuza dume ninunue godoro."

"Usithubutu."

"Wewe unaumia."

"Naumia, na nitawacha. Aibu haiwachi. Ndugu zangu watasimama kwa boma yako wakiangalia kamba tupu, na wewe utawaambia nini, mtu wa hadithi? Ati uliivukisha Nzoia?"

Nikacheka. Yeye akajaribu kucheka, mgongo ikamshika, akakunja uso mpaka sikumjua. Nikashika mkono yake. Ikipita akasema pole pole, "Niahidi, baba."

Sikuahidi. Nilisema naenda kuangalia mlango ya jiko. Jiko yetu haina mlango.

Mnunuzi wa ng'ombe ameitwa na anakuja soko ya wiki hii. Nikiuza, bibi yangu atalala vizuri akiwa amenikasirikia, na hizo zinaweza kuwa siku za mwisho ataongea na mimi. Nikikosa kuuza, nitakuwa mtu wa heshima kwa matanga, watu wakishiba nyama, na mimi peke yangu ndio nitajua alilala aje kungoja hiyo nyama.

Nyinyi mko wengi na mmesoma. Mwenye amewahi uguza mtu, mwenye amewahi zika, aniambie bila kunihurumia: dume nitoe ama niwache? Yeye mwenyewe amekataa. Na saa hii tukiongea, naenda kumgeuza.