Nati ya Katikati

Mume wangu ametengeneza magari ya watu kwa miaka thelathini na nane, na muda wote huo karakana yake ilikuwa nyuma ya dirisha la chumba chetu cha kulala. Kwa hiyo mimi sifungui hata skrubu, lakini magari nayajua kwa masikio. Wateja walimpachika jina la Taratibu. Akikwambia gari litakuwa tayari kesho, ujue ni keshokutwa, ila ukishalichukua hutarudi kulalamika. Kitu pekee alichokifanya haraka ni kugomba. Mwanafunzi wake akikosea, hata mtoto niliyemlaza kwa taabu aliamka.

Kelele kubwa kuliko zote zilihusu springi ya mbele. "Nati ya katikati haiguswi kabla springi haijabanwa! Mnataka kuzikwa bila uso?" Sentensi hiyo niliisikia mpaka ikanichosha. Binti yetu alipokuwa mdogo alimgombeza mdoli wake kwa maneno hayohayo.

Jumamosi ile binti yetu, ambaye sasa naye ana watoto wake, alituachia gari lake. Kila akipita kwenye shimo, mbele kuligonga, na akikata kona springi ililia. Baba yake alizungusha usukani mara moja tu, akasema ni raba za juu za shokapu, zimekufa zote mbili. Karakana aliifunga mwaka juzi, lakini vifaa anavyo. Akapiga jeki uani, akaweka stendi, akavua tairi la kulia. Akafungua boliti mbili za chini na nati tatu za juu, chini ya boneti, akaitoa shokapu pamoja na springi yake. Akaifunga springi vibanio viwili vyenye kulabu, kimoja huku kingine kule, akakaza hiki kidogo na kile kidogo, mpaka springi ikasinyaa ikaacha kusukuma. Ndipo akafungua nati ya katikati, akaitoa ile raba na kunionyesha. Ilikuwa imepasuka pande zote.

"Kumbe bado unajua kazi," nikamtania.

"Nani kakwambia nimesahau?"

Tulicheka. Akatia raba mpya, akafunga kila kitu, akavitoa vibanio, kisha tukanywa chai. Baadaye akahamia upande wa kushoto, mimi nikaenda kuanua nguo.

Niligeuka na shuka mkononi nikamwona amekaa kwenye stuli. Shokapu ya kushoto ameibana kwa magoti, ameiinamia, uso uko juu yake kabisa, na anafungua nati ya katikati. Vibanio vilikuwa sakafuni, palepale alipoviacha kabla ya chai. Springi ilikuwa imejikunja kwa nguvu zake zote, haina kinachoizuia ila nati ile, na nati ilibakiza mizunguko miwili mitatu itoke.

Kwa sekunde moja nilidhani ananifanyia mzaha, nikamsubiri acheke. Mkono wake ukaendelea kuzungusha.

"Baba watoto, acha!" Sauti iliyonitoka sikuijua. "Usifungue! Irudishe nati!"

Akanitazama kama mtu aliyekatizwa maneno. "Una nini wewe?"

"Springi hujaibana."

Akatazama chini. Akavuta kichwa nyuma, akaikaza nati tena mpaka mwisho, akailaza shokapu ikielekea ukutani. Hapo ndipo alipolipuka.

"Nani kaifungua hii? Nani? Hii inaua mtu! Nimesema mara ngapi?"

Alikuwa akigeukageuka, akiwatafuta wanafunzi ambao hawajakanyaga pale miaka miwili. Uani tulikuwa sisi wawili tu. Nilimwelewa kila neno, na ndiyo maana niliogopa kuliko nilivyoiogopa springi. Mdomo wangu ukajisemea wenyewe.

"Ni mimi. Nilitaka kukusaidia. Nisamehe."

Akanijia, akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akazikagua kucha moja moja kama anayetafuta kitu kilichopotea. Mikono yangu ilikuwa inanukia sabuni. Kisha akatazama ya kwake, imejaa grisi.

"Mikono yako misafi, mama watoto."

Nililia palepale, shuka likiburuzika sakafuni. Nilijikasirikia pia. Mwezi uliopita nilimtuma dukani, akarudi mikono mitupu akasema duka limefungwa, nikaenda nikalikuta wazi, muuza duka akaniapia hakufunga hata saa moja, na nilichofanya ni kumcheka mume wangu kutwa nzima. Nilimcheka!

Yeye hakulia. Alivuta stuli akanikalisha, akaiweka shokapu mbele yangu, akanipa kibanio kimoja na spana. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani.

"Kaza wewe," akasema. "Mimi nitakuelekeza."

Nikaitikia kwa kichwa. Alichuchumaa kando yangu.

"Na nikikuelekeza vibaya," akauliza, "nitajuaje?"

Nilimwambia tu asogee, anionyeshe kulabu inashika wapi.