Mwalimu Polikarpo Alivyomkalisha Albano

Shemeji yangu Polikarpo alikuwa fundi cherehani siku sita za juma na mwalimu wa dini siku ya saba, na ungemuuliza mwenyewe angekwambia kazi yake ni hiyo ya pili. Aliketi barazani kwa Saifuddin, mwenye duka la vitambaa pale Temeke, enzi hizo Mwingereza ndiyo kwanza anapanga nyumba za mistari mistari na kusema huu sasa ni mji. Alimwoa dada yangu Fausta huko kwetu Tabora, akamleta pwani, na mimi nikamfuata dada. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona, sikuhadithiwa.

Padri alikuwa mmoja na vigango, yaani vikanisa vya pembeni, vilikuwa vingi. Kwetu alifika kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine zote sala ziliongozwa na Shemeji. Lakini sifa yake haikuwa kuongoza sala. Sauti yake ilikuwa kavu, na akianza kueleza Injili watoto walilala na mama zao wakasinzia juu yao. Sifa yake ilikuwa kusikiliza. Walimu wa dini wa vigango vya upande wetu, Mtoni, Yombo, Mbagala, kila mmoja alikuwa na jambo lake ambalo asingethubutu kumpelekea Padri, maana angeweza kuachishwa. Yupo aliyefundisha watu kusameheana na yeye mwenyewe hasemi na ndugu yake. Yupo aliyeongoza sala kwa sauti kubwa, moyoni hasikii kitu chochote. Hao wote walimjia Shemeji pale barazani, wakijifanya wanapimwa suruali.

Yeye aliwasikiliza huku anashona. Cherehani ilipiga kelele, mpita njia hakuambulia neno, na mtu husema kwa urahisi zaidi mbele ya mtu asiyemkodolea macho. Likifika jambo zito, Shemeji aliondoa miguu kwenye kanyagio. Kimya. Kisha alisema neno moja au mawili, na kazi ikaendelea. Nimeona wanaume wenye ndevu zao wakiondoka pale wanafuta macho, na suruali hazijapimwa.

Jirani yake barazani alikuwa Mwinshehe, Mzaramo, Mwislamu wa sala tano, mpiga pasi. Nguo ikitoka kwa Shemeji, inakwenda kunyooshwa kwa Mwinshehe. Sie Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, basi wale wawili walitukanana tangu mkaa unawashwa asubuhi mpaka duka linafungwa, na hakuna aliyewahi kununa, kwa sababu mtani hanuniwi.

"Nyie mlikuja pwani mmebeba pembe za ndovu za watu," Mwinshehe angesema, "mkatua mzigo, mkasahau njia ya kurudi."

"Tungerudi, nyie kazi mngejifunza kwa nani?"

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mambo yalikuwa mazuri mpaka alipoingia Albano.

Albano alikuwa kijana wa Kipogoro kutoka Mahenge, kuli wa bandarini, mabega mapana, mpole. Shemeji ndiye aliyemfundisha dini, ndiye aliyemfundisha kusoma Injili mbele ya watu bila kutetemeka, na Dada ndiye aliyemlisha. Nasema kwa haki: Shemeji alimpenda yule kijana kama mtoto wake. Siku moja homa ikamlaza Shemeji, akamwambia Albano aongoze sala yeye.

Lo! Kumbe tulikuwa hatujui tulichokuwa tunakosa. Albano alisoma habari ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu walioajiriwa asubuhi na wengine jioni, kisha akaieleza kwa mambo ya bandarini, jinsi makuli wanavyosimama getini kungoja kuchaguliwa, na yule anayebaki mpaka jioni anavyorudi nyumbani kwa wanawe. Wanaume walicheka, halafu wakainamisha vichwa. Wanawake tulilia wazi wazi. Tangu siku hiyo, ikifika Jumamosi, tulianza kuulizana kisimani: kesho nani anaongoza? Tukisikia ni Albano, benchi zinajaa mapema. Tukisikia ni Mwalimu, kila mtu anapata udhuru wa kuchelewa. Na mie nilichelewa, wala siombi radhi.

Shemeji aliona. Nani asingeona? Mwanzoni alisema tu, wakati wa kula, "Yule kijana sauti anaipandisha mno." Baadaye ikawa, "Injili si kitu cha kuchekeshea watu." Jioni nyingine, bila kuulizwa: "Watu wanapenda kipya."

"Si ni wewe uliyemfundisha?" Dada akamwambia. "Mfurahie basi."

"Nafurahi," akasema, akasukuma sahani.

Wivu wa mwanamke kila mtu anaujua, tunausema kwa mdomo na kwa mlango unaobamizwa. Lakini wivu wa mwanamume wa dini ni kitu cha kuogopa, kwa sababu unavaa kanzu nyeupe na kujiita hekima. Shemeji wangu, aliyewatambulia wengine ugonjwa huo kwa kuwasikia wakikohoa tu, wa kwake hakuutambua. Au aliutambua akaufunika. Mungu ndiye anayejua.

Basi siku moja nilikuwa nimeketi pale barazani nangojea gauni langu, Mwinshehe ananyoosha mashuka, Albano akaja kutoka bandarini. Hata suruali hakuisingizia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema, nakusikia." Cherehani ikaanza kupiga kelele.

Sikusikia yote. Ila kelele ilipokatika, maana Shemeji aliondoa miguu ghafla, Albano alikuwa hajajua kushusha sauti. Tulisikia sote.

"...nikiongoza sala, wakanizunguka kunisalimia, nasikia utamu, Mwalimu. Naogopa. Naogopa nasimama pale kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Mungu. Labda niache."

Sasa sikilizeni. Angekuwa mwingine yeyote, Shemeji alijua la kumwambia. Nilishamsikia akimwambia mwalimu wa Mbagala: utamu si dhambi, mshukuru Mungu kwa huo utamu, kisha nenda ukasombe maji. Neno lile lile lilikuwa hapo hapo ulimini mwake. Nilimwona akilimeza.

"Kaa kando," akasema. "Usiongoze, usifundishe, usiimbishe. Kaa benchi la nyuma mpaka moyo utulie."

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia mie."

Albano akashukuru. Akashukuru! Akashika mkono wa Shemeji kwa mikono yake miwili. Alipoondoka, Shemeji akashona gauni langu mbio mbio huku anapiga mluzi, na Mwinshehe akamtazama juu ya pasi yake muda mrefu bila kusema utani wowote.

Jumapili iliyofuata Albano alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na akaendelea kukaa hapo mwezi baada ya mwezi. Watu waliuliza, Shemeji akajibu, "Anautengeneza moyo wake." Kila baada ya muda kijana alikwenda barazani kuuliza kama tayari. Shemeji alimtazama kama daktari na kusema, "Bado." Kijana alianza kukonda. Aliacha hata kuimba na wenzake, akisema anaogopa atasikia utamu. Na unajua kilichomuudhi Shemeji kuliko vyote? Watu walizidi kumpenda. Sala zikiisha, walitoka kwa mlango wa nyuma makusudi, wapite kwenye benchi lake.

Wakati huo huo watu wa Chamazi walikuwa wakimwomba Padri mwalimu wa kuwafungulia kigango chao, na Padri alimwachia Shemeji atafute jina. Shemeji akawa anasema hajaona mtu. Chamazi wakabaki bila mwalimu. Ndipo tukasikia Albano amepata kazi ya ukarani kwenye shamba la mkonge upande wa Kilosa, Jumatatu anapanda lori, harudi. Kuhusu kazi ya dini alimwambia Dada hivi: "Mama, mie sifai. Mwalimu amenipima mara nyingi, bado sifai."

Dada alinisimulia akiwa analia, na kesho yake mama yetu mzazi, aliyekuwa akiishi kwa Dada, akafariki.

Msiba wa Kinyamwezi ukiwa pwani, Wazaramo ndio wenyewe. Walikuja na Mwinshehe wao mbele, wakatunyang'anya sufuria, wakazuia jeneza mlangoni wakidai bibi kizee amekwenda bila kuwaaga. Tulilia na kucheka kwa pamoja, ndivyo inavyotakiwa. Siku ya kumaliza matanga, yaani Jumapili, baada ya watu kula, Mwinshehe akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu ya Shemeji na kofia yake. Akaketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, akaanza kukanyaga hewa kwa miguu miwili. Krrr, krrr, krrr. Watu wakaangua kicheko, maana alikuwa Shemeji mtupu, mpaka shingo alivyoiinamisha. Mzaramo mwenzake akapiga magoti mbele yake.

"Mwalimu, watu wananipenda."

Mwinshehe akasimamisha miguu. Akakunja uso. "Wanakupenda? Dhambi hiyo, mwanangu. Nitazame mie hawanipendi, huoni nilivyo mtakatifu? Nenda benchi la nyuma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka sauti yako iwe mbaya kama yangu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Padri angekuwapo naye angecheka. Albano alikuwa ameketi kwenye jamvi na sahani ya wali mapajani, na yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Shemeji kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye chumba ambacho amefungiwa siku nyingi.

Mila inajulikana. Mtani akikupiga hivyo, unacheka, unamrushia kuku au unammwagia maji, yamekwisha. Tulimngoja Shemeji acheke. Akasimama.

"Ni kweli," akasema.

Mwinshehe akavua kofia haraka. "Mtani, mie natania."

"Wewe unatania. Mie nasema ni kweli." Kisha akageuka. "Albano, moyo wako ulikuwa mzima siku ile ulipokuja. Wangu ndio uliokuwa mgonjwa. Nilikuonea wivu, nikauita ushauri."

Nitasema kweli, nilitaka kumzaba kofi. Matanga ya mama yetu, na yeye anatoa mambo yake mbele za watu! Nilimwona Dada amejifunika uso kwa khanga, sijui kwa aibu, sijui kwa shukrani.

Albano akaweka sahani chini taratibu. "Nimekaa kwenye benchi lile, Mwalimu," akasema, "nautafuta ubaya wangu kila siku. Nimeutafuta mpaka nikauona hata usiokuwepo." Akaondoka.

Kesho yake, kabla lori halijajaa, Shemeji alikwenda mjini kwa Padri, akasema yote, akataja jina. Akarudi mbio hadi kituo cha malori na kumkuta Albano ameshapanda lori, amekaa juu ya sanduku lake. Akamwambia Chamazi ni yake kama anaitaka, na kwamba Padri amekubali. Haya nilielezwa na Shemeji mwenyewe, na hakujipunguzia kitu.

Albano akashuka na sanduku. "Kazi nitakwenda kuifanya," akasema. "Ila ya moyoni mwangu, Mwalimu, siyaleti tena kwako."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Lakini siyaleti."

Na hakuyaleta. Kigango cha Chamazi kilikua mpaka watu wakasimama nje. Walimu wengine walizidi kumjia Shemeji, hasa wenye kijicho na wenzao, maana sasa walijua anaujua ugonjwa huo mpaka ndani. Aliwasikiliza wote kwa upole ambao zamani hakuwa nao. Ila yule mmoja aliyemtaka hakuja. Albano akipita Temeke alitoa shikamoo yake vizuri, akaulizia afya ya Dada, kisha jioni akaenda nyumbani kwa Mwinshehe. Mwalimu wa Kikristo, kigango kizima mgongoni mwake, anamweleza mambo ya moyo wake mpiga pasi wa Kiislamu! Mwinshehe hakuwahi kumtania Shemeji kwa hilo, na hilo ndilo lililotuonyesha kwamba ni kweli.

Jioni moja nilikuwa kwa Dada, tunasonga ugali, Shemeji akaingia akakaa kwenye kigoda cha jikoni, mahali ambapo hakai. Hakusalimia. Dada akampakulia, hakugusa.

"Nimemwona Albano anatoka kwa Mwinshehe," akasema. "Anacheka. Amepona kitu fulani, uso unang'aa. Fausta, roho imeniuma mpaka nimeshindwa kupita njia ile. Nilitaka awe ametoka kwangu."

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nalo, kali, tayari. Dada akanikanyaga mguu.

"Imekuuma sana?" akamuuliza mumewe.

"Sana."

Dada akavuta kigoda chake karibu naye, akamwagia maji mikononi, polepole, mkono wa kulia kisha wa kushoto.

"Haya, niambie vizuri," akasema. "Alikuwa anachekaje?"