Kadi ya Humusi

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa akinishusha kila asubuhi kwenye ukumbi wa wazee mjini Rockville, huku ughaibuni, kabla ya kwenda kazini. Siku za Alhamisi tulikula vyakula tulivyotoka navyo nyumbani, na kila bakuli liliwekewa kadi yenye jina la chakula na nchi kilikotoka. Kwa kuwa niliwahi kuwa hakimu Tanga, na mwandiko wangu unasomeka, kadi niliachiwa mimi.

Mezani tulikuwa watatu: mimi, fundi viatu wa Kilebanoni, na mfamasia mstaafu kutoka Israeli. Fundi ndiye aliyeleta humusi, yaani dengu zilizopondwa kwa ufuta na ndimu. Kwa miezi mingi niliandika "Lebanoni" bila kufikiri, mpaka mfamasia alipoigonga kadi ile kwa kijiko.

"Hakimu, hili umeambiwa na nani?"

"Na mimi," akajibu fundi. "Bibi yangu alipika hivi, na bibi yake vilevile."

"Na bibi yangu mimi alikuwa akipika mawe?"

Wakanigeukia niamue. Niliwajibu kana kwamba bado nimekalia kiti changu cha mahakamani: maneno ya bibi asiyekuwepo ni habari ya kuambiwa, siipokei. Nikachukua kadi nyingine, nikaandika "Humusi", na mstari wa pili nikauacha wazi. Nilijiona nimetenda haki. Fundi alifunika bakuli lake, akahamia meza ya dirishani.

Alhamisi tatu zilizofuata hakuleta kitu wala hakurudi kwetu. Mfamasia alitafuna mkate mkavu huku akinitazama.

"Umetuhukumu vizuri, mheshimiwa. Sasa tuchovye nini?"

Alhamisi ya nne nilimwomba binti yangu anipitishe kwa fundi mapema.

"Nimekuja kuona," nilimwambia mlangoni.

Akaniwekea kiti jikoni. Nilimtazama akimenya dengu za kuchemsha, moja baada ya nyingine, kwa vidole vilivyokakamaa kwa miaka ya kushona ngozi.

"Bibi alikuwa akinichapa kwa mwiko nikiacha ganda," alisema.

Sikumkatiza.

Tulipofika ukumbini niliandika kwenye mstari wa pili: "Imepikwa leo asubuhi na fundi wetu. Nimeshuhudia."

Mfamasia aliisoma kadi mara mbili, akamega mkate, akachovya.

"Ndimu imezidi."

"Imezidi kwa ulimi wa nani?" akauliza fundi, akivuta kiti chake.