Epifania Nyuma ya Mdogo Wake

Epifania wa Mazwi, muuza unga wa ulezi, si mtu wa kubembelezwa. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wanne, akawasomesha wote kwa unga huo huo, na ukimwita maskini atakuuliza huyo maskini unayemtafuta anakaa mtaa gani. Kwa hiyo alipojiandikisha darasa la Kiingereza pale parokiani, na mvi zake kichwani, hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake. Wateja wa kutoka Zambia walikuwa wakizungumza naye kwa mkalimani. Akasema basi, imetosha, mdomo ninao wangu.

Siku ya kwanza anaingia darasani, anamkuta nani? Rahel, mdogo wake wa tumbo moja!

Hapo pana maneno. Mama yao alipofariki, miaka kadhaa nyuma, Rahel alikuwa ameolewa kule bondeni Mtowisa, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Epifania, kwa ukubwa wake, akaamua wazike bila kumsubiri. Rahel alifika kesho yake, tope hadi magotini, akakuta kaburi limeshafukiwa. Hata alipohamia mjini hakumwamkia tena dada yake. Na kwetu Ufipa, mdogo wako asipochutama akakupigia makofi ya salamu, ujue amekufuta. Epifania alijifanya haimuumi. Uongo mtupu! Ilimuuma kila siku ya Mungu, na hakuna alichokitaka kama salamu ya Rahel.

Sasa, mwalimu wao, Angela, mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kila mwanafunzi alivishwa shingoni kibao cha boksi chenye neno moja, kisha wote wajipange mstari mpaka sentensi isomeke. Muhula ule walikuwa kwenye misemo ya Waingereza ya ugomvi wa kifamilia. Mara ya kwanza mama zetu wakajipanga kama walivyolelewa: mkubwa mbele, wadogo wakifuata. Sentensi ikatoka haina mbele wala nyuma. Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, Kiingereza hakiangalii umri!"

Ikafika sikukuu ya parokia, uwanja umejaa, darasa likaitwa lionyeshe lilichojifunza. Msemo ulikuwa ule wa kumkataza mtu asifue nguo chafu za nyumbani kwake hadharani. Kumbe na wenzetu wanazo! Rahel alivishwa neno "chafu", Epifania akavishwa "nguo", na kwa Kiingereza chafu ndiyo hutangulia. Maana yake mkubwa asimame mgongoni kwa mdogo wake, Mazwi nzima ikiona. Waliojua habari zao wakaanza kugusana viwiko.

Maneno mengine yote yakashika nafasi zake. Nyuma ya Rahel pakabaki wazi. Mwalimu Angela akamsogelea Epifania, akamnong'oneza, "Mama Calvin, kama ni vigumu, mwenzako mwingine achukue hicho kibao."

"Kibao ni changu," Epifania akajibu. "Niache."

Akatembea mpaka mbele ya Rahel. Akachutama, yeye mkubwa mtu, kitenge cha sikukuu kikagusa vumbi, akapiga makofi taratibu.

"Mdogo wangu, nilikukosea. Ilinipasa nikusubiri."

Baadaye wapo waliosema eti kajidhalilisha. Ebo! Wajaribu wao, tuwaone. Mimi nilimwonea fahari siku ile kuliko siku zote nilizomjua.

Kisha akainuka, hata vumbi hakupangusa, akaenda kusimama nyuma ya mdogo wake, kifua mbele. Sentensi ikasomwa, kila mtu neno lake, na zamu yake ilipofika Epifania alilitamka kwa sauti ya kuuzia unga sokoni. Vigelegele vikapigwa hadi Milanzi wakasikia.

Rahel hakugeuka upesi. Kelele zilipotulia ndipo akamgeukia, macho yamejaa machozi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Mama mlimzika na kitenge gani?"

Epifania alimshika mikono yote miwili.

"Cha bluu, kile ulichomletea wewe. Nilimfunga mwenyewe, nikamwambia, Rahel huyu hapa."