Damu Nyepesi ya Yaya

Siku sita kutoka Kisangani: lori hadi Mambasa, pikipiki hadi Komanda na kuendelea, matope mpaka kwenye meno. Nimezurura maisha yangu yote, lakini safari ile niliichukia. Yaya, dada yangu mkubwa, figo zilikuwa zimemkatalia na hakuwa na mtu wa kumlinda hospitalini. Nikafika Bunia, nikatandika mkeka kando ya kitanda chake.

Mara mbili kwa juma walimsafisha damu kwa mashine. Kila asubuhi walimtoboa kidole, wakasoma namba kwenye kipima sukari, wakatazama karatasi iliyobandikwa ukutani na kumchoma insulini ya kushusha sukari kadiri ilivyoamuru. Namba ilikuwa juu siku zote. Hata chai tamu walimkataza.

Yaya akawa anatetemeka, jasho linamtiririka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Mama yetu alikuwa hivyo hivyo kila sukari yake iliposhuka.

"Mama muganga, huyu sukari inamuishia," nikamwambia muuguzi.

"Papa, weye ulisoma wapi? Machine haidanganyake!"

"Machine haina macho. Angalia mutu!"

Wa kitanda cha jirani wakacheka: "Acheni docteur wa Kisangani apige tour yake ya wagonjwa!"

Asubuhi moja hakuamka. Nikampaka ndani ya shavu asali niliyokuja nayo kwenye chupa, bila ruhusa ya mtu. Akafumbua macho.

Ndipo fundi wa maabara akamtoa damu mshipani, akaizungusha kwa mashine, akanionyesha neli: wekundu kidogo chini, juu maji ya njano matupu.

"Damu yake nyepesi," akasema. "Chembe nyekundu zikiwa chache, maji ya damu yanapenya mengi kwenye kile kikaratasi cha kipimo, nacho kinasoma sukari kupita iliyopo."

Maabara ilikuta sukari imeshuka vibaya. Siku zote zile walikuwa wanamchoma kwa ajili ya sukari ambayo hakuwa nayo! Wakaandika kwenye fishi yake, kadi ya matibabu, kwa wino mwekundu: apimwe maabara tu. Pole hatukupewa.

Jumatatu akaja muuguzi mwingine. Kidole, kipimo, ukuta, sindano. Nikamshika mkono kabla hajachoma.

"Soma fishi!"

"Fishi ni ya docteur. Miye niko nafuata karatasi."

Siku hiyo hiyo nilimtoa Yaya hospitalini. Tulipoipita Bogoro, tukielekea ziwani ili tuvuke kwa madaktari wa Uganda, akauliza nani atafagia nyumba yake ya mtaa wa Bigo, kule Bunia. Chupa ya asali aliibana kati ya magoti. Bunia sijairudia.